Mikono ya Amos Pichani

Keziah Gander alikuwa amechoka, si uchovu wa kulala ukaamka mzima, bali ule wa kuamka nao. Tangu alipofiwa na mume alikuwa akipiga deki ukumbi wa klabu ya kriketi ya Wenbury, huko Hampshire, na magoti yalikwisha kumsusia. Mabwana waliouchafua kwa viatu vya misumari wala hawakulijua jina lake.

Kilichomrudisha hapo ni picha. Juu ya meko ya kuotea moto ilining'inia sura ya Bwana Tallis, mchezaji aliyevuma England nzima enzi za kucheza na kofia ndefu kichwani. Kwa maringo yake, Tallis alikataa kusimama achorwe zaidi ya asubuhi moja. Uso ukachorwa, mwili ukatafutiwa mtu. Akasimamishwa Amos Gander, mrushaji mpira wa kulipwa, gongo la kupigia mpira mkononi, hata mgongo ukamkakamaa. Basi uso ulikuwa wa Tallis, lakini mikono, na kile kidole kilichovunjika kikaunga kombo, ilikuwa ya Amos. Keziah hakuwa na picha nyingine ya kumtazamia mumewe.

Sasa wakubwa wa klabu wakazinduka. Tallis hakushika gongo namna ile, walisema, picha inawaaibisha, mikono ichorwe upya. Hawakukosea. Amos gongo alilishika kama mpini wa jembe, na Keziah mwenyewe alizoea kumcheka.

Jumatatu moja alimkuta mchoraji mgeni, Bwana Ferrars, ameiteremsha picha na ananoa kisu cha kukwangulia rangi. Keziah akaweka ndoo chini, akamweleza mikono ile ni ya nani. Aliona haya, maana hakuzoea kuomba.

"Pole, mama," Ferrars akasema. "Wenyewe wameshaamua. Mimi ni kibarua tu kama wewe."

"Najua. Sikuombi uiache."

"Sasa unatakaje?"

"Usiikwangue. Paka rangi juu yake. Wao waone mikono ya bwana wao, mimi nijue ya bwana wangu iko chini."

Ferrars akakiweka kisu mezani na kuchukua brashi. Keziah akavuta kiti cha wanachama, ambacho hakupata kukikalia hata siku moja, akaketi. Moyo ulimuuma, lakini hakulia.

"Anza na huu wa kulia," alisema. "Kidole hicho kilichopinda kiache mpaka mwisho."