Ijumaa ya Chewa

Wiki iliyopita nilikuwa Batha, hapa Riyadh, natafuta chaja ya simu, nikapita mbele ya duka la samaki wa barafu. Muuzaji alikuwa amemwaga ngisi kwenye sinia, barafu inayeyuka, maji ya kijivu yanatiririka hadi mtaroni. Harufu ile ilinisimamisha. Siwezi kusema ni nzuri wala mbaya. Ni harufu ya chumvi na chuma, na ya kitu kinachotaka kuoza lakini bado. Watu walinisukuma kwa nyuma, yalla, yalla, nami nimeukumbatia mkoba kifuani kama mtu aliyepotelewa. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka kumi, niko Jeddah, vidole vyangu vinanuka ngisi, na sijui lolote.

Kwetu kisa hiki husimuliwa kama kisa cha samaki tu. Watu husikiliza, hucheka, huuliza alikuwa mkubwa kiasi gani. Mimi wakati huo huondoka nikaenda kuosha vyombo. Leo naomba niwasimulie nyinyi upande wangu.

Tulikaa mtaa wa Hindawiyah, ghorofa ya tatu, mimi na baba na mama. Baba alikuwa fundi wa viyoyozi, mtu wa Mombasa, mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu ya mabati. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hasemi uongo. Mteja akimwuliza kama mashine yake itapona, na baba ameona haiponi, alimwambia palepale, "Halas, hii imekufa, nunua nyingine." Mafundi wenzake wangeitengeneza mara tatu kwanza. Mama alilalamika kwamba ukweli wa baba utatulaza njaa. Mimi niliupenda. Nilipopelekwa kudungwa sindano nilimwuliza yeye, si mama, kama itauma. Akasema, "Itauma, Mwanaidi. Hesabu mpaka tano." Iliuma, nikahesabu mpaka tano, ikaisha. Tangu hapo kila baba alichosema nilikichukua kama kilivyo.

Ghorofa ya chini alikaa Hiba, msichana wa Kisudani wa rika langu. Nikiwa siko kwao, basi yuko kwetu. Tulikuwa na lugha yetu, nusu Kiarabu nusu Kiswahili, na mama zetu walikuwa hawatuelewi wote wawili. Wiki ile ninayoisimulia Hiba alikuwa amepelekwa Taif kwa shangazi yake, arudi Jumapili.

Mtu wa mwisho wa kumjua ni Anko Owino. Alitoka Homa Bay, akalelewa ziwani, na Jeddah alikuwa mlinzi wa nyumba za mapumziko kule Obhur, kaskazini ya mji, ambako matajiri huja kupunga upepo. Baba alitengeneza viyoyozi vya pale, wakazoeana. Mpangaji mmoja alihama akaacha kayaki, mtumbwi wa plastiki wa rangi ya njano, mwembamba, wa watu wawili mmoja mbele mmoja nyuma. Bosi akamwambia Owino, chukua. Kila siku yake ya mapumziko Owino aliingia nayo majini akarudi na samaki, na kila mara alimcheka baba: "Fundi, mtu wa Mombasa mzima na hujui kuogelea! Sisi wa bara ndio tuwafundishe bahari?"

Nilikuwa nimeomba kuingia kayaki ile miezi na miezi. Baba alisema niulize mama. Mama alikuwa na jibu moja: "Nikishakufa mimi, utaenda."

Kisha Alhamisi moja, tukila, mama mwenyewe akasema, bila kuniangalia, "Kesho baba yako atakupeleka kwa Owino. Mwambie akuvalishe jaketi la kuelea, na usilivue hata ukisikia joto." Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Asubuhi yake mama alinifungia mahamri kwenye kitambaa, akanikumbatia mlangoni. Nilikuwa na haraka. Nakumbuka nilimtoa mikono yake mwilini mwangu kama mtu anayevua koti.

Tulifika Obhur jua bado changa. Bahari ilikuwa imetulia kama imepigwa pasi. Baba alibaki ufukweni na simu yake. Owino alinivalisha jaketi, akanipa glavu za kazi za baba zilizonifika karibu na viwiko, akaniketisha mbele, akatusukuma. Alipiga kafi taratibu mpaka maji yakabadilika, kijani ikawa buluu ya wino, akasema hapa mwamba umekatika, chini ni shimo.

Alinifundisha kukata ngisi vipande virefu, kumpitisha kwenye ndoana mara mbili, kushusha mshipi mpaka chubwi, ile risasi ya kuuzamisha, iguse chini, kisha kuuinua kidogo. "Na usiuzungushe mkononi. Akikuvuta utamfuata, na mama yako atanifuata mimi."

Tulipata samaki wadogo watatu. Halafu pakawa kimya kirefu, nikala hamri moja kwa mikono inayonuka ngisi. Ndipo mshipi ukawa mzito. Nilidhani nimenasa jiwe, nikamwambia Owino nimenasa jiwe. Jiwe likatembea.

"Huyo ni chewa!" Owino alipiga ukelele. "Usimwachie arudi tunduni! Shikilia tu hapohapo, Mwanaidi, shikilia!"

Chewa akishanaswa na ndoana hukimbilia tundu lake mwambani, na akiingia humtoi tena. Owino akapiga kafi kwa nguvu kurudi nyuma, kuelekea kilindi, mimi nimekumbatia mshipi, visigino vimekita kwenye plastiki, meno yameuma midomo. Pua ya kayaki iliinama hata maji yakaniingia mapajani. Samaki alituzungusha. Kuna wakati tulielekea ufukweni nikamwona baba mdogo kama kijiti, kuna wakati tulielekea bahari kuu. Owino alinisaidia kushika kwa mkono mmoja, lakini hakuninyang'anya. Kila nilipotaka kumkabidhi alisema, "Wako huyo. Akichoka wewe hujachoka, umeshinda." Nilikuwa nimechoka kabla yake, lakini sikumwambia.

Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba mwishowe mshipi ulilegea, tukavuta, tukavuta, na kutoka chini likapanda doa la rangi ya udongo, likawa kubwa, likawa kubwa zaidi, mpaka nikaogopa. Kule kupandishwa ghafla kutoka kilindini kulikuwa kumemjaza upepo. Aliibuka ubavu, tumbo limefura, mdomo wazi kama ndoo. Owino akatoa miguu yake miwili nje ya kayaki, mmoja kila upande, ili tusipinduke. Akamtia kulabu chini ya taya, akampiga kichwani kwa rungu mara mbili, akapitisha kamba kwenye matamvua ikatokea mdomoni. "Sasa jibane," akaniambia, "kaa katikati kabisa." Akamvuta juu kwa pumzi moja. Samaki akateleza akaja kulala juu ya miguu yangu, baridi, mzito kunishinda mimi. Mkia ulipiga mara moja ya mwisho, ukanichapa begani.

Tulipiga kelele wote wawili. Owino aliimba wimbo wa kwao. Akatoa simu kwenye mfuko wa nailoni, akanipiga picha: mimi nacheka, nimekumbatia kichwa kikubwa kuliko changu.

"Hii picha uwaonyeshe wenzako wa shule mpya," akasema, akiiangalia. "Watoto wa Mombasa wasije wakakuletea dharau Jumatatu."

Nikaendelea kucheka kidogo, jinsi mtu anavyoendelea kutembea hatua moja mbili baada ya kuitwa.

"Shule gani mpya?"

Owino aliinua uso. Niliuona ukibadilika. Alitazama ufukweni, akanitazama, akaweka simu ndani ya nailoni, akaifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Hawajakuambia," akasema. Hakuwa akiniuliza mimi.

Hakunidanganya, hilo nampa mpaka leo. Aliniambia kwa maneno machache. Kafili wa baba, yaani mwajiri anayemdhamini, amehamishia karakana Riyadh. Mafundi watalala chumba kimoja watu sita. Ikama zetu mimi na mama, vile vibali vya kuishi, haziandikwi tena. Ndege yetu kesho asubuhi, mimi na mama. "Nilidhani baba yako amekwambia njiani," akasema. "Pole, mtoto wangu. Pole sana."

Owino alishika kafi, tukarudi. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi chini ya yule samaki na sikuweza kuisogeza. Jicho lake lilikuwa limetazama juu. Nilianza kuzipanga siku za nyuma moja moja: mama kunishonea upindo wa gauni lililokuwa bado zima, baba kuniuliza kama nampenda bibi yangu wa Mombasa, vitabu vyangu vilivyohamishwa rafu. Walijua wote. Mpaka mlinzi wa Obhur alijua.

Baba aliingia majini na suruali yake mpaka magotini, yeye anayeogopa maji, anapiga makofi, anacheka. "Mashallah! Mwanangu! Mashallah!"

Nikamwuliza nikiwa bado nimekaa, samaki mapajani, "Baba, kesho naenda Mombasa?"

Na baba, kabla ya kunijibu, alimtazama Owino. Ni kitambo kifupi mno, lakini mimi ndicho ninachokikumbuka kuliko samaki. Alitaka kwanza kujua nimeshajua kiasi gani.

"Nilitaka ufurahi leo," akasema.

"Na Hiba?"

"Tutampigia simu."

"Hiba hana simu."

 Baba na Owino wakambeba samaki, wakamlaza nyuma ya gari la kazi katikati ya mitungi ya gesi. Nikakaa nyuma naye. Baba aliniita mara mbili nije mbele, kisha akaacha.

Nyumbani nilikuta masanduku mawili wima mlangoni. Michoro yangu na Hiba iliyokuwa ukutani ilikuwa imebanduliwa, yamebaki madoa manne ya gundi. Mama alisimama akiwa ameshika viatu vyangu vipya, kimoja kila mkono. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya tangu nilipofunga mlango asubuhi. Bahari ilikuwa njia ya kunitoa ndani ili aweze kufunga mizigo bila kuulizwa maswali.

Mchana, baada ya swala, walikuja mafundi wenzake baba. Mama alipika chewa kwa nazi na ukwaju, nyumba nzima ikanukia. Nafasi ilikuwa ndogo, watu wakakaa mpaka kwenye kizingiti cha jiko. Baba akaanza kusimulia nilivyomvua, anaonyesha kwa mikono, wageni wanashangilia, na mmoja akaniambia, "Kula basi, shujaa, si wako?" Baba akaniwekea mnofu mweupe wa shavuni, ule mtamu kabisa.

Nikasema, mbele yao wote, "Wewe mwongo."

 Kwetu mtoto hamwambii hivyo baba yake. Mama alinyanyuka, nadhani anichape. Baba akamshika pindo la leso.

"Kweli," akasema. Kisha akaendelea kumtoa samaki miiba, akiipanga pembeni ya sinia moja moja, mpaka mtu akaanzisha habari nyingine.

Sikula. Kesho yake uwanja wa ndege baba alipiga goti akanikumbatia, nami nikaiacha mikono yangu ining'inie ubavuni. Nilijua ninachofanya. Alikaa Riyadh miaka saba baada ya hapo, na katika miaka hiyo nilimwona mara tatu. Hiba sikumwona tena. Sijui alirudi Jumapili akagonga mlango mara ngapi. Sijui nani alimfungulia.

Nimeshamwuliza baba, sasa yeye ni mzee na mimi ni mtu mzima. Alisema aliifanyia mazoezi sentensi ya kuniambia kwamba naondoka wiki tatu, ndani ya gari, peke yake. "Kila nikitaka kuanza, ulikuwa unanieleza mlichofanya wewe na Hiba." Nikamwambia hiyo si sababu. Akakubali kwamba si sababu.

Nilipopata kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno huku Riyadh, binti yangu alikuwa na miaka minne. Wote walinishauri kitu kimoja: ondoka akiwa amelala mchana, ataamka, atalia, atazoea. Mama alisema hivyo. Baba peke yake hakusema kitu. Alikuwa amekaa uani anatengeneza feni. Nilimwamsha binti yangu. Nikamketisha kitandani, nikamwambia mama anaenda mbali, kwa ndege, na hatarudi kesho wala kesho kutwa. Alinitazama kwanza kama nimemchezea. Kisha akalia kilio ambacho sikujua mtoto wa umri ule anacho. Alinishika mguu. Tulimbandua vidole watu wawili, mpaka mlangoni mwa teksi, na kiatu changu kimoja kilibaki mikononi mwake.

Nikiwa garini na mguu mtupu ndipo nilipojua baba alikuwa anakimbia nini. Mpaka siku hiyo nilidhani alinidharau, kwamba aliniona mdogo mno wa kuambiwa. Kumbe aliniogopa. Aliogopa sura yangu nikiambiwa, akainunua Ijumaa moja ya kutoiona, na mimi nikailipa kwa kutomuaga mtu.

Namwelewa sasa. Nimejaribu kuona kama kumwelewa kutaondoa ile hasira, na haijaondoka, imekaa tu, imenyamaza.

Siku nyingine nikipiga simu Mombasa, binti yangu, anayelelewa na mama, hukataa kuja. Namsikia nyuma ya sauti ya mama akisema, "Mwambie nimemkasirikia." Naambiwa, nami hungoja hapohapo bila kukata, mpaka aje, au mpaka mama aseme leo haji.