Aliyeonja Divai Akaitema

Jumanne iliyopita, sokoni, dereva wa lori la samaki aliniambia kwamba rafiki yangu wa zamani amefariki huko Kasomeno kwa homa, na kwamba wamekwisha kumzika. Alisema huku akifungua kamba za turubai, kwa sababu samaki hawangoji. Tangu siku hiyo sikai mahali. Nimeinuka mezani mara nne kabla ya kuandika mstari huu; nimekwenda hadi njia ya reli nikarudi bila kujua nilifuata nini. Wanaonisoma kila juma wanajua kwamba sitaji majina, na la marehemu pia sitalitaja. Niseme tu kwamba hapa Élisabethville sijamjua mtu mwingine wa Kamalondo, mtaa wetu Waafrika, aliyesoma divai za Wafaransa kama wengine wanavyosoma katekisimu.

Tulifanya kazi pamoja katika duka la kuagiza divai, mimi karani, yeye mwosha chupa. Divai ilifika kwa gari moshi kupitia mpakani Sakania, nyingine katika masanduku, nyingine katika mapipa ili ijazwe chupani hapahapa. Patron wetu, mwenye duka, alimpa rafiki yangu kitabu cha zamani cha divai kilichong'oka jalada. Mwaka haukuisha, alikuwa amechora ramani za mikoa ya Ufaransa juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Alijua kwamba divai nyekundu ya Bourgogne hutoka katika zabibu ya pinot na ya Beaujolais katika gamay. Kwamba Bordeaux huchanganya zabibu kadhaa, lakini Alsace huandika jina la zabibu juu ya chupa. Kilichomvutia zaidi ni sheria ya appellation, yaani haki ya divai kuitwa kwa jina la mahali ilipozaliwa. Sheria hiyo huuliza mzabibu umeota wapi, ni wa aina gani, umekatwa matawi vipi, umezaa kiasi gani. Mkulima akivuna kupita kipimo, jina linamtoka. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua na kitu ambacho serikali inatukataza sisi Waafrika kukinywa. Akajibu, "Bazungu banakunywaka jina. Miye nataka kujua kitu kiko nyuma ya jina." Patron aligundua kwamba pua yake haikosei, akamweka kuonja kila pipa kabla divai yake haijajazwa chupani. Alikuwa anaonja, anatema katika ndoo, anasema: hili zuri, hili limeanza kuwa siki.

Patron alipokwenda Ulaya likizo, polisi waliingia dukani asubuhi moja wakamkuta rafiki yangu na bilauri mkononi. Msaidizi wa patron akasema hajui lolote kuhusu kazi hiyo ya kuonja. Rafiki yangu akaweka bilauri juu ya pipa. "Bwana, miye sikukunywa. Nilionja tu, kiisha nikatema. Uliza mwenzangu, eko pale, ananionaka kila siku." Ofisa akanigeukia. "Ni kweli? Anatema?" Mwezi ule nilikuwa nangoja kadi ya mérite civique, ile ambayo serikali humpa Mwafrika inayemhesabu kuwa mstaarabu. Wajumbe wa serikali walikuwa wamekwisha kuja nyumbani kwangu, wakahesabu viti, wakamwuliza mke wangu kama tunakula naye meza moja. Nilitazama daftari langu nikasema, "Sikuangalia, bwana. Miye niko na kazi yangu ya kuandika." Alifungwa siku kumi na nne, akafukuzwa kazi.

Alipotoka nilikwenda kwake, nimejiandaa kutukanwa. Alinipa kiti. "Kadi ilikuja?" akauliza. Nikasema ilikuja. "Ni muzuri," akasema, na mara akaanza kunieleza Chablis, jinsi ilivyo ya zabibu moja tu, nyeupe, na jinsi udongo wake ulivyo na chokaa. Nilitamani anipige. Mtu akikutukana unaweza kujitetea, hata kwa uongo. Yeye alinifundisha, na mimi nikaitikia kwa kichwa bila kusikia neno.

Baadaye sheria ya kutukataza divai ikabadilika, divai ikaingia katika baa za Kamalondo, watu wakaanza kuichanganya na limonadi. Mama mmoja mwenye baa akamwajiri rafiki yangu kuhudumia wateja. Jumapili moja baada ya misa nilikuwa pale na makarani wenzangu, tumevaa tai, tumeagiza Bourgogne. Alimimina kidogo, akanusa, akaonja, akaiweka chupa chini. "Mama," akamwambia mwenye baa, mbele yetu sote, "jina iko ya Bourgogne, lakini ndani haiko. Hii inatoka mu pipa moya na ile ya bei ya chini. Haina haki ya jina." Mama akamwita kando, akamwomba anyamaze. Rafiki yangu akasema hawezi, maana wateja wameagiza Bourgogne na wana haki ya kujua wanakunywa nini. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akatoka. Wenzangu walicheka. Mimi nilimaliza bilauri yangu, ile ya uongo, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Ndipo alipokwenda Kasomeno kuuza chumvi na samaki, na hatukuonana tena.

Katika mji huu siku hizi kila mtu anatafuta jina: karani mkuu, mwenyekiti wa chama, mstaarabu mwenye kadi. Marehemu alitaka jina lithibitishwe na kilichomo ndani, na kwa hilo alipoteza kazi mara mbili. Ninyi wasomaji huniandikia mkiusifu ujasiri wa safu hii. Asanteni, lakini msinisifu tena. Kukemea makosa ya watu nisiowataja ni kazi nyepesi, naifanya nimeketi. Saa ya kusema ukweli huja mara moja, anayeiacha ipite hubaki akiomboleza. Kama yupo anayehitaji ushahidi wako leo, inuka umpe leo. Mimi nilitakiwa kusema neno moja tu, ndiyo, na aliyelihitaji alikuwa amesimama hatua tatu kutoka mezani pangu.