Mwati wa Lanham

Kule mbele ya mji wa Bowie, nyumba zinapopungua, nina kashamba ka kondoo sita na bustani ya mboga za sukuma. Siku za kazi niko wodi ya kujifungulia. Nimezalisha wanawake kwa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo aibu ya mwezi wa sita sina wa kumlaumu.

Mwanangu alitaka kuoa. Sisi Wakikuyu hufungua posa kwa mwati, yaani kondoo jike ambaye hajazaa wala kupandwa. Huku Marekani watu hupeleka bahasha ya pesa tu, yakaisha. Lakini baba wa binti, ambaye hakumpenda mwanangu tangu mwanzo, alisikia ninafuga. Akatuma ujumbe: aletewe mwati mwenye miguu minne, la sivyo hakuna posa.

Nikachagua aliyenenepa kuliko wote. Wiki hiyo alikuwa ameingia bustanini akamaliza sukuma zangu, nami nikaamini lile tumbo ni sukuma. Nikamwogesha, nikampakia garini, tukaenda Lanham, kwa wazazi wa binti.

Nyuma ya nyumba yao wazee walikuwa wameketi chini ya tenti. Kaka yangu, msemaji wetu, akasimama kumsifu kondoo. "Huyu hajui dume!" Kondoo akalala chini akaanza kusukuma.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Mnatuambia nini kuhusu daughter wetu?" baba wa binti akafoka.

"Ni sukuma tu, mzee," nikajibu, ilhali kwato moja ilikuwa imeshatokeza.

Kwato ya pili ilikataa kuja. Nikapandisha gauni langu la kitenge, nikapiga magoti, nikaingiza mkono. "Usisukume bado, mama. Pumua." Binti, mzaliwa wa huku, akaja kushika kichwa cha kondoo. "You're doing great," akasema, sijui akimwambia nani.

Mtoto akatoka. Jike.

Baba wa binti akainama, akamkagua kwa muda mrefu.

"Huyu amewahi kuzaa?"

"Hajawahi."

"Amewahi kupandwa?"

"Mzee, ana dakika nne."

Akawageukia wenzake. "Basi huyu ndiye mwati. Mama yake atabaki hapa amnyonyeshe. Posa tumepokea."

Vigelegele vikapigwa. Mimi bado nilikuwa magotini, damu hadi viwikoni, nikilia kama niliyefiwa. Mwanangu akanikimbilia.

"Mum, umeumia?"

Nikamwambia aache kunikodolea macho, akamletee mke wake taulo.