Fomu za Mama Taipu Hazirudi

Kwa miaka ishirini na saba Mama Taipu alikaa mahali pamoja, mbele ya ukuta wa ofisi za serikali: mwavuli uliopauka, meza yenye mguu mmoja uliofungwa waya, na mashine yake nyeusi ya kupiga chapa. Kompyuta zilipoingia wenzake walifungasha virago mmoja baada ya mwingine. Yeye alibaki, kwa sababu watu hawakumfuata kwa ajili ya mashine, walimfuata kwa ajili ya fomu. Alijua karani yupi anakataa wino wa buluu na dirisha lipi linadai jina la babu. Mtu angekuja na fomu iliyorudishwa mara tatu, anakaribia kulia, naye angeijaza upya na ikapita siku hiyohiyo. "Fomu yangu hairudi," alipenda kusema, wala hakusema kwa sauti ndogo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Maji yake yalikuwa saini. Mteja akisahau kusaini na keshaondoka zake, Mama Taipu alimsainia, kazi ikaendelea. Kwa kitindamimba wake ndiyo usiseme. Mtoto yule alikuwa na mwandiko wa kuku aliyekanyaga matope, na mama aliuonea aibu. Fomu za shule alizisaini mama, leseni ya udereva mama, na kijana akakua bila kujua kwamba serikali ina haja na mkono wake.

Alipopata kazi ya kuendesha lori nchi ya mbali, wakala alitaka pasipoti ndani ya wiki, naye kijana alikuwa safarini na mzigo. Mama akajaza fomu. Chini kabisa akaweka saini moja nzuri, pana, yenye mkia unaorudi nyuma kulipigia mstari jina zima. Ofisa wa pasipoti aliutambua mwandiko, akagonga mhuri bila kuinua macho. Kijana aliporudi alienda kupigwa picha tu.

"Mama, saini yangu imenizidi uzuri," alisema alipoifungua pasipoti, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mwaka wa pili simu ililia asubuhi, Mama Taipu akiwa katikati ya barua ya mtu. Ilikuwa sauti ya mwanawe, inakimbia.

"Mama, wamenipa dakika tatu. Kwenye lori kulikuwa na mzigo ambao si wangu, nilipakiziwa. Wamenihukumu miaka tisa. Hukumu yenyewe imesomwa kwa lugha yao, sijui hata imesema nini. Nina siku tisini za kukata rufaa, na wakili wa hapa hanisikilizi bila barua ya ubalozi wetu. Mwambie mtu wa ubalozi aje anione. Aje tu, mama."

Mama Taipu hakulia. Alipita langoni mikono ikiwa na wino, akaenda moja kwa moja dirisha la nne, linalohudumia raia waliofungwa nchi za nje. Karani wa dirisha hilo alimfahamu vizuri, maana barua yake ya kuomba kazi ilichapwa chini ya mwavuli ule.

"Pole sana, mama yangu," karani alisema, na huruma yake ilikuwa ya kweli, hilo tusimdhulumu. "Serikali haimtupi raia wake. Ofisa wa ubalozi atamtembelea, atamtafutia mkalimani, atamwandikia wakili. Ila lazima mfungwa mwenyewe aridhie kwa maandishi. Tunatuma fomu ya ridhaa gerezani, anasaini, inarudi, tunaanza."

"Mimi ni mama yake. Ridhaa si hii hapa?"

"Utaratibu, mama. Wewe si unaujua kutushinda sisi?"

Aliujua. Maisha yake yote alikuwa ameula utaratibu, na sasa utaratibu ulikuwa unamla yeye. Akaijaza fomu palepale dirishani, herufi zimesimama kama askari, akaacha wazi mstari mmoja tu wa mwisho.

Fomu ilirudi siku ya hamsini na moja. Karani aliiweka kando ya kompyuta yenye picha ya pasipoti, akatazama huku, akatazama kule, akakuna kichwa.

"Mama, saini hailingani. Tazama mwenyewe. Hii ya pasipoti ni ya mtu aliyesoma. Hii ya gerezani, sijui... Huenda mfungwa mwingine amesaini kwa niaba yake. Siwezi kuipitisha."

Mama Taipu aliiona ile saini ya gerezani: herufi nne zilizopinda, ya mwisho imeteleza nje ya mstari. Ilikuwa ya mwanawe, tena amejitahidi kuliko siku zote. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, fomu yake ilikuwa imerudi, na iliyorudishwa ndiyo ya kweli.

Nyumbani binti yake mkubwa, muuguzi, alimwambia bila kupindisha. "Sema ukweli, mama. Waambie ile ya pasipoti ni yako."

"Nikisema, pasipoti inakuwa ya kughushi. Na mwenye pasipoti ya kughushi watamtetea kama nani? Watasema hata si wetu."

"Na usiposema?"

Mama Taipu aliendelea kumenya viazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini woga wake pia ni mzazi aujuaye.

Kesho yake mchana kweupe, chini ya mwavuli wake, hatua thelathini kutoka kwa askari wa lango, alijaza fomu nyingine ya ridhaa na kuitia saini ile pana yenye mkia. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomchukiza zaidi. Aliikalia siku tisa, ionekane imetoka mbali, kisha akampelekea karani, akasema imeletwa na mfungwa aliyeachiwa. Karani aliilaza kando ya kompyuta, akatabasamu.

"Naam! Hii ndiyo yenyewe."

Mhuri ukalia. Mama Taipu alishukuru, akatoka, akaegemea ukuta. Alitaka kumtukana mtu na hakumpata, kila aliyemfikiria aligeuka akawa yeye mwenyewe.

Siku zikaenda. Ya sabini, ya themanini. Kila asubuhi kabla ya kufunua mashine alipita dirisha la nne, na karani alimwambia ofisa yuko njiani. Siku ya tisini alikaa barazani mwa ofisi mpaka wafagiaji wakamwomba ainue miguu. Siku ya tisini na sita karani alimwita ndani, akampa kiti, na Mama Taipu akajua, kwa sababu dirisha lile halikuwahi kumpa mtu kiti.

Karani alimsomea barua ya ubalozi. Ofisa alifika gerezani siku ya themanini na nane. Kwa kuwa mfungwa alikuwa amenyolewa na kukonda sana, picha ya pasipoti haikutosha kumtambua. Akaombwa atie saini. Saini yake haikulingana na ya pasipoti wala ya fomu ya ridhaa. Mfungwa alidai kwa sauti ya juu kwamba ni yeye, akatolewa. Ofisa alishindwa kuthibitisha kwamba aliyeletwa mbele yake ndiye raia anayehusika, akaondoka.

"Alisema nini alipokuwa anatolewa?" Mama Taipu aliuliza.

"Haijaandikwa, mama." Karani alikunja barua taratibu. "Lakini usikate tamaa. Kuna rufaa ya nje ya muda. Ofisa anaweza kurudi mwakani. Mwambie tu kijana wako safari ijayo asaini vizuri."

Mama Taipu alirudi mezani kwake. Wateja watatu walikuwa wanasubiri, akawaambia waende kwingine. Alitoa karatasi, juu kabisa akaweka ile saini, polepole, na vishale vidogo vya kuonyesha kalamu inaanzia wapi na mkia unageukia wapi. Chini yake akapiga mistari mitupu ishirini, kama daftari la darasa la kwanza. Akaandika: *Mwanangu, nisamehe. Hii ndiyo saini yako. Jifunze.*

Jibu lilifika baada ya miezi miwili, lina mhuri wa gereza. Mistari yote ishirini ilikuwa imejaa. Ya kwanza ilikuwa matope matupu. Ya kumi mkia ulianza kugeuka. Ya ishirini ilikaribia sana, ila mkia tu ulikuwa mfupi. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe uliopinda, kijana alikuwa ameandika:

*Usijali mama, nitaiweza. Muda ninao.*