Injini Ikizima, Maji Yawe Bafuni

Nyusi za Unga zilikuwa nyeupe kabla hajatimiza miaka thelathini. Jina alilopewa na mamaye lilisahaulika. Alisimamia mashine ya kusaga miaka arobaini, na vumbi la mahindi likampa jina jingine: Unga.

Mashine iliendeshwa na injini ya dizeli. Kuiwasha ilikuwa kazi ya kifua: unaingiza hendeli, unazungusha, unamwomba Mungu, unazungusha tena. Ikikubali, kikopo kilichofunika bomba la moshi kilianza kurukaruka, to-to-to-to, na mtaa mzima ukajua leo kunasagwa. Wanawake walijitwika ndoo zao wakaja bila kuuliza.

Ikizimwa, ilikohoa mara tatu. Kikohozi hicho kilikuwa ishara kwa mkewe. Alikisikia akiwa jikoni, akaipua sufuria, akamimina maji kwenye ndoo ya bafuni. Unga alipofika, maji yalikuwa ya kuogeka na taulo lilikuwa mlangoni. Hawakuwahi kupanga hivyo. Injini ndiyo iliyokuwa mjumbe wao.

Kisha nguzo za umeme zikafika. Binti yao, aliyekuwa akikaa nao pamoja na wanawe, ndiye aliyemshawishi Unga afunge mota.

"Baba, kifua hicho kimejaa moshi. Hapa unabonyeza swichi tu."

Alisema kweli. Mota haikudai hendeli wala dizeli, na unga ulitoka laini zaidi. Lakini mvumo wake uliishia mlangoni. Wateja wakaanza kuchungulia: "Unga, umefungua au umelala?" Jioni alipobonyeza swichi, nyumbani hakuna aliyejua. Mwaka ule wa kwanza mkewe alitega sikio bure. Maji yakapoa, au yakachelewa.

"Siku hizi unaingia kama paka, mume wangu," alimtania.

Mwaka wa pili akaugua, akafariki.

Injini ikabaki nje pembeni, imefunikwa gunia, hadi Jumanne moja alipokuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Unga alikuwa amekubali kuiuza. Alitaka jambo moja tu kabla haijaondoka: kukisikia tena kile kikohozi.

"Mzee, nimekuja kumchukua bibi harusi."

"Ngoja kwanza aimbe."

"Huyu? Huyu hajapiga mswaki miaka mitatu!"

Unga akamimina dizeli, akarudisha kikopo juu ya bomba, akashika hendeli. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili goti lake ndilo lililolia, si injini. Mnunuzi akacheka, halafu akaacha kucheka, akaja kushika naye. Mara ya nne ukatoka moshi mweusi, na kikopo kikaruka. To-to-to-to.

Hakusaga kitu. Alisimama tu, kiganja juu ya ubavu wa chuma ulioanza kupata joto, kama anayepima homa ya mtoto. Mteja mmoja akaja mbio na ndoo kichwani.

"Umeme umekatika?"

"Upo."

"Sasa kelele zote hizi za nini?"

"Nasikiliza."

Akaizima. Ikakohoa mara moja, mara mbili, ikasita kidogo, ikakohoa ya tatu.

"Haya," akasema. "Mchukue."

Hakungoja kuona mkokoteni ukiondoka. Alifunga mlango akashika njia ileile, polepole, maana hakuna aliyekuwa akimngoja na maji.

Nyumbani alimkuta bintiye amesimama mbele ya bafu, sufuria tupu mkononi, anaitazama kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemshikisha. Nyuma yake mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye ndoo. Taulo lilikuwa mlangoni.

"Sijui hata kwa nini, baba. Nimesikia imezima, nikajikuta nimemwaga humu maji ya chai ya watoto."

Unga akainama, akatia vidole kwenye ndoo, akavitoa haraka.

"Mama yako alikuwa anaongeza kopo moja la baridi," akasema.

Binti akaenda kuchota.