Fisi Ndani ya Debe la Kahawa

Sisi tuliokulia Mbozi kabla simu hazijaingia mifukoni tulikuwa na karatasi inayoota shambani. Unakata kipande cha jani la mgomba, unachora maneno kwa mwiba wa mlimau, unasubiri kidogo, maandishi yanageuka kahawia. Wajukuu zangu simu ikiisha chaji wanasema kazi ya shule haiandikiki. Wangetuona sisi, midomo inanata utamu wa kahawa mbivu, viazi vya kuchemsha mfukoni, tukiandika hadithi chini ya migomba.

Kwa baba, sheria ya msimu wa kuchuma ilikuwa moja: "Jaza debe, kisha fanya unalotaka." Mdogo wangu Lusia alijaza debe lake, ndipo akaketi kuandika jani lake moja. Kila siku hivyo, hata vidole vikiwa vimechubuka. Mimi nilijiona mwandishi mkubwa, si mtu wa kusubiri debe lijae. Nikabuni njia: chini najaza majani ya mgomba, juu natandaza kahawa nyekundu ya kupendeza, naenda zangu kuandika.

Njia hiyo ilinifaa mpaka siku niliyoona uvivu kukata majani mapya, nikajazia yale niliyokwisha kuyaandika. Baba akamimina debe langu kwenye mashine ya kumenya, mbele ya majirani waliokuja kusaidia. Akaokota jani, akalisoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma somo kanisani. Ilikuwa hadithi ya fisi mwenye shamba la kahawa, ana kitambi, na hukohoa kabla ya kugomba. Alipomaliza, baba akakohoa. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini.

"Fisi huyu nimempenda," akasema. "Kuandika sikukatazi. Ila kesho aje na debe lililojaa."

Kesho yake nililijaza kweli, lakini kwa hasira sikuandika.

"Kaka Fisi, jani lako liko wapi?" Lusia akanichokoza.

"Nitaandika nikipata nafasi."

Jibu hilo nimelitumia maisha yangu yote. Miaka niliyofanya kazi ya kutoa mizigo mpakani Tunduma, foleni ya malori haina mwisho na madereva wananifokea, nilisema nitaandika nikistaafu. Nimestaafu. Nafasi imejaa nyumba nzima, na kalamu ni nzito kuliko debe. Kosa ni langu, si la malori.

Lusia ana duka la nafaka Mlowo. Wateja hawamwachi apumue, naye haachi kuandika ukurasa wake mmoja kabla ya kufungua mlango. Juzi alinipigia simu.

"Kaka Fisi, umechuma leo?"

"Nichume nini, Lusia, na shamba tuliligawana, fungu langu halina tena kahawa?"

"Kachambue hata maharage. Ukimaliza, kaa uandike."

Nimechambua sinia zima, mke wangu akiniangalia kama mgonjwa. Kisha nikakaa, nikaandika. Siku hizi karatasi zimejaa madukani na simu zenyewe zinaandika, lakini mimi nayatamani majani yale, na kikohozi cha baba. Debe langu la leo ndilo hili. Mimineni muone, chini hakuna majani.