Uzi wa Bluu Uliouzwa Bila Mwenyewe Kujua

Yaliyoandikwa humu ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Anayebisha achukue gitaa lake la besi alipeleke kwa Shangazi, atarudi nyumbani akiwa mpole.

Ni asubuhi, duka la fundi cherehani chini ndiyo kwanza linafunguliwa. Katika chumba cha juu yake, mwanamke wa miaka hamsini na minane ameketi kwenye kigoda, gitaa la besi mapajani, kidevu amekigandamiza kwenye pembe ya juu ya gitaa kama anayelinong'oneza. Hakuna waya uliochomekwa. Hakuna spika. Anapiga uzi mnene kuliko zote, anafumba macho, anauacha mngurumo uzunguke ndani ya taya lake mpaka uishe wenyewe.

Aliyelileta gitaa ni mpiga muziki wa hotelini. Amesimama mlangoni, mikono ameifumbata kama anayesubiri majibu ya hospitali.

"Umeshalilipia?" Shangazi anauliza bila kufumbua macho.

"Bado, Shangazi. Nimewaomba nije nalo kwako kwanza."

"Basi una bahati. Lirudishe."

Mwanamume anajikuna shingo. Anasema kwa unyonge kwamba lakini ni zuri, limeng'aa. Shangazi anakubali kwamba limeng'aa sana, na anamshauri akilipenda alitundike sebuleni karibu na saa ya ukutani, halafu atafute jingine la kupigia muziki.

Hiyo ndiyo kazi yake. Watu wanamwita Shangazi, hata waliomzidi umri, na wanapanda ngazi zake kwa jambo moja tu: kuambiwa gitaa hili la besi na lile, lipi ni gitaa na lipi ni ubao wenye nyuzi.

Kwanza hulishika kwa mbali na kuchungulia shingo yake kwa jicho moja, kama seremala anavyotazama ubao uliopinda. Hupitisha kidole ukingoni mwa shingo kutafuta vyuma vya kugawa sauti vilivyochomoza, vile vinavyochana kiganja. Kisha hulivaa begani na kuliachia mikono yote miwili. Kichwa cha gitaa kikizama kuelekea sakafuni, hukunja uso. "Hili litakula bega lako," husema. "Utapiga nusu ya wimbo, nusu nyingine unalibeba kama mgonjwa."

Baada ya hapo ndipo huja kidevu, na baada ya kidevu ndipo huanza kutembea: chuma kwa chuma, uzi kwa uzi, akitafuta kile anachokiita kaburi.

"Kila besi ina kaburi mahali," anaeleza. "Unapiga, badala ya sauti kuimba, inasema pu, imezikwa. Nyingine kaburi lake dogo, unaishi nalo. Nyingine ni makaburi matupu, hamna hata pa kupita."

Amplifaya kwake huja mwisho kabisa. Hapo ndipo sauti yake inapopanda, maana madukani huanza nayo.

"Wanakuwekea dude kubwa kama kabati la nguo. Pale hata kamba ya kuanikia nguo ukiichomeka itanguruma. Mtu kifua kinamtetemeka, anadhani ni gitaa. Lile dude haliuzwi. Linabaki dukani, wewe unakwenda nyumbani na kuni."

Anayajua ya madukani kwa sababu alikuwa huko. Baada ya miaka mingi ya kusimama nyuma ya waimbaji, maungio ya vidole yalianza kuvimba, na usiku mzima wa kupiga ukawa adhabu. Mume wa mdogo wake alikuwa amefungua duka la vyombo vya muziki ng'ambo ya barabara. Akamwomba akae humo, achague besi zinazoingia, naye apate asilimia tano ya kila moja aliyoipitisha. Ikawa kodi ya nyumba inalipika na dawa za vidole zinanunulika.

Besi aliyoipitisha aliifunga uzi wa bluu wa kushonea kwenye kifungo cha kukazia nyuzi. Fundo lilikuwa lake, la kupitisha mara mbili na kuzamisha ncha. Baada ya muda wateja wakaacha kabisa kuuliza kampuni. Walikuwa wakiingia na kuuliza, zenye uzi ziko wapi. Kuna mmoja alisafiri siku tatu, akanunua, akaondoka bila hata kulifungua begi, akisema akilitazama ataonekana hamwamini Shangazi.

Ndipo yalipoingia magitaa mekundu.

Yaliteremshwa kwenye maboksi, yamepakwa rangi nzito inayong'aa hata ukaweza kujichana nywele mbele yake. Shangazi aliyapima yote, akayakataa yote. Mbao zilikuwa zimekatwa na kupakwa rangi kabla hazijakauka. Alimwambia shemeji yake kwamba shingo zile zitapinda kabla ya msimu kuisha. Shemeji akamsihi afunge uzi kwenye machache tu, familia ni moja, chungu ni kimoja. Akakataa. Tangu siku hiyo, akienda kwa mdogo wake kula, shemeji alikuwa hasikii tena bakuli la mchuzi likiombwa.

Wiki zikapita. Asubuhi moja aliingia dukani mpiga besi wa kwaya, mwanamume mnene asiyejua kugombana, amelikumbatia gitaa jekundu kama mtoto mwenye homa. Akalilaza juu ya kaunta. Shingo ilikuwa imejikunja, nyuzi zimesimama juu hewani hata kijiko kingepita chini yake. Kwaya nzima ilikuwa imechanga kwa mwaka mmoja. Na pale kichwani, kwenye kifungo cha kwanza, palikuwa na uzi wa bluu.

Shangazi aliutazama uzi kabla ya kuitazama shingo. Lilikuwa fundo la kamba ya kiatu.

"Huu si wangu," alisema.

Mpiga besi wa kwaya hakupandisha sauti. "Shangazi, mimi gitaa sikununua. Mimi magitaa siyajui hivyo. Nilinunua uzi wako."

Anasema mpaka leo akilikumbuka neno lile, masikio yake huwaka moto. Hajawahi kuiba hata sindano ya huyo fundi wa chini, lakini pale kaunta alisimama kama mwizi aliyekamatwa na mali, na aliyeiba alikuwa nyuma yake akifuta vumbi kwenye ngoma.

Shemeji hakuona tatizo. Uzi, alisema, ni uzi. Ameununua kwa hela yake, roli nzima. Na gitaa likiachwa kivulini litajinyoosha.

"Shemeji," Shangazi akamjibu, "kama kilichopinda kinajinyoosha kivulini, wewe mbona umekaa humu ndani miaka yote na bado?"

Wateja wakacheka, na kicheko kikamchoma shemeji mahali pabaya. Ndipo alipotamka lililoanzisha yote. Alisema Shangazi hana sikio lolote, ana mdomo. Anayakataa mekundu kwa sababu anayaona ni mekundu. Afumbwe macho tuone.

"Sifumbwi," alisema Shangazi. "Nageuka. Apige huyu wa kwaya, mimi nasikiliza mgongoni. Nikiyatambua yasiyofaa, mekundu yashuke ukutani na hawa wapewe gitaa la kweli. Nikikosea hata moja, uzi chukua, na mimi nafunga mdomo."

Shemeji akakubali upesi, upesi mno. Habari ikaruka nje. Watu mia tatu wakajaa mlangoni, barabara ikafungika, askari wa trafiki akaacha kazi akapanda juu ya gari la soda ili aone.

Shangazi akageuza kigoda, akatazama ukuta. Magitaa tisa yakapangwa, mpiga besi wa kwaya akaanza kutembea juu ya kila moja, chuma kwa chuma, uzi kwa uzi, bila kuchomeka waya. Duka lilitulia hata ukasikia rangi ikikauka.

La kwanza, linafaa. La pili, halifai. La tatu, halifai, "na hilo limekatwa juzi, bado linanuka msitu." Akaenda hivyo, hana papara. Lilipofika la nane alikuwa amekwisha kuyakataa manne, na yote manne yalikuwa mekundu. Watu wakaanza kunong'ona. Shemeji alikuwa akitabasamu, na hakuna aliyejua anatabasamu nini.

La tisa likapigwa. Kwenye uzi mwembamba, chuma cha tano, likasema pu. Chuma cha sita, pu.

"Halifai," Shangazi alisema. "Kaburi liko wazi kabisa. Aliyelinunua hilo alinunua na masikio yake ameyaacha nyumbani."

Shemeji akapiga makofi. "Geuka, shemeji. Geuka umwone aliyelinunua."

Lilikuwa gitaa la Shangazi mwenyewe. Lile la rangi ya kahawia, lililochubuka pembeni kwa mkanda wake, alilolipiga tangu ujana wake, ambalo huliacha nyuma ya kaunta kila siku. Shemeji alikuwa amelichopeka mwishoni mwa mstari yeye alipoupa mgongo.

Kwanza Shangazi alikana. Alisema gitaa lake halina kaburi, aliyepiga amekosea. Akalipokea, akabonyeza chuma cha tano, akapiga. Pu. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Pu. Watu walisikia wote.

Mkono wake wa kushoto ukaanza kutembea wenyewe shingoni bila kupiga. Kisha akaona. Miaka yote ile, kila alipoihitaji sauti ile, vidole vyake vilikuwa vikiruka kwenda kuichukua kwenye uzi wa pili, mbele zaidi, bila yeye kuvituma. Vilijifunza kulikwepa kaburi hata mwenyewe akasahau kwamba lipo. Wapiga besi wengi wana jambo kama hili, anasema, na hawatakuambia, kwa sababu hawajui.

"Umekosea moja," shemeji alisema. "Lete uzi."

"Nimekosea wapi?" Shangazi aliinuka. "Tulisema nitambue yasiyofaa. Hili halifai. Nimelipenda, limenilisha, na halifai. Kama langu nimelikataa, wewe ni nani hadi ya kwako niyapitishe? Yashushe."

Mbele ya macho ya watu shemeji hakuwa na pa kujificha. Yakashushwa. Kwaya ikaondoka na gitaa la tatu kutoka mwisho, lisilong'aa, ambalo Shangazi alilifunga uzi kwa mkono wake pale pale.

Laiti ingeishia hapo. Wiki iliyofuata magitaa mekundu yalikuwa yamerudi ukutani, yote manne, likiwemo lile lililopinda, limenyooshwa kwa kukazwa nyuzi hata linalia. Kila moja limefungwa uzi wa kijani. Wateja wakiuliza kijani maana yake nini, huambiwa ni daraja la juu kuliko bluu.

Na hakuna anayeuliza zaidi. Mtu anayeuza maziwa yenye maji hushikwa shati. Anayeuza nyanya zilizooza huumbuliwa sokoni. Huyu anauza kuni zilizopakwa rangi kwa watu waliochanga mwaka mzima, na watu humsalimia na kumwita mkurugenzi.

Shangazi hakumsubiri amfukuze. Mdogo wake alilia, akamwambia anaivunja familia kwa ajili ya mbao. Alimjibu kwamba yeye ameyaacha magitaa tu, dada yake bado ni dada yake, na Jumapili ataenda kula kama kawaida, mchuzi atajipakulia mwenyewe.

Sasa yuko hapa, juu ya fundi cherehani. Hauzi kitu. Mteja huleta gitaa kabla hajalipa, naye humweleza lilivyo, kwa malipo ambayo hayafiki hata nusu ya asilimia tano za zamani. Mwezi uliopita alikula akiba. Mwezi huu, anasema, wameanza kupanda ngazi, na baadhi wanatoka moja kwa moja ng'ambo ya barabara na gitaa lenye uzi wa kijani.

Anachotaka ni benchi refu ukutani, magitaa matano mazuri na matano mabovu, ili mtu asiyejua aje akae mchana mzima alinganishe, mpaka asimhitaji yeye wala uzi wa rangi yoyote. "Siku wakiyasikia makaburi kwa masikio yao," anasema, "duka lile litauza ngoma tu."

Habari hii alisomewa kabla haijachapishwa. Alisikiliza kwa utulivu ule ule wa kidevu kwenye gitaa, kisha akaomba sehemu ya umati isomwe tena.

"Watu mia tatu?" alisema. "Walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuja kuuliza choo. Askari wa trafiki yuko wapi? Barabara ile haina hata taa."

Mwandishi akajitetea kwamba wasomaji hupenda watu wengi kidogo. Shangazi akasema haya, wenye kupenda watu wengi huwa na nguvu nyingi, na amplifaya yake bado iko chini kwa fundi, hakuna aliyejitolea kuipandisha. Anayeongeza chumvi abebe na mzigo.

Kwa hiyo mwandishi alibeba, ngazi kwa ngazi, shati limelowa, fundi cherehani akimhesabia kutoka chini na Shangazi akimwelekeza kutoka juu azunguke taratibu kwenye kona, maana spika hainunuliki tena, mgongo unakandwa.

"Na hilo pia uliandike," alisema alipoitua. "Ila usije ukasema ilikuwa tani moja."

Basi inaandikwa kama alivyoagiza: haikufika tani.